Kutofautisha Krotoni za Porini: Mwongozo Kamili wa Kuanzia Chini ya Jani

Kila msimu wa mvua naletewa majani. Wengine huyaleta mkononi yakiwa yamenyauka, wengine hutuma picha: jani moja, limepigwa kwa juu, jua limelipiga hadi linang'aa, na swali ni lile lile. "Huu ni mukinduri au mutundu?" Na mara nyingi anayeuliza ameshakata shauri. Ameshaotesha miche mia mbili, au ameshaandika jina kwenye ripoti, na sasa anatafuta wa kumwambia yuko sawa.

Picha ya namna hiyo haijibiki. Upande wa juu wa jani la krotoni husema machache sana, na umbo lake hudanganya. Ushahidi uko chini ya jani, kwenye kikonyo, na kwenye tunda. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya nne utarudi mwanzo.

Mwongozo huu unahusu krotoni za Kenya na Tanzania ambazo watu huzichanganya zaidi: *Croton megalocarpus* (mukinduri), *Croton macrostachyus* (mutundu), *Croton sylvaticus*, na vichaka viwili vyenye majani ya rangi ya fedha, *Croton dichogamus* na *Croton pseudopulchellus*.

## Vitu vya kuandaa

- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Hii haina mbadala. Kamera ya simu husaidia, lakini magamba na vinyweleo utakavyovitafuta ni vidogo kuliko macho yanavyodhani.
- Rula fupi yenye milimita.
- Glavu, au hata mfuko wa plastiki wa kuvaa mkononi.
- Kisu kidogo au mkasi wa kupogolea.
- Magazeti ya zamani, vipande viwili vya kadibodi ngumu na kamba ya kufungia.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino ikilowa, maandishi yote yanageuka doa la buluu.
- Bahasha ndogo za karatasi za kutilia matunda na mbegu. Ukitumia plastiki, vitaota ukungu kabla hujafika nyumbani.

## Tahadhari kabla ya kukata tawi

Utomvu wa krotoni huwasha ngozi ya watu wengi, na ukiingia machoni utalia. Usijifute uso kwa mkono uliokata tawi.

Usionje mbegu. Mbegu za jamii hii huendesha tumbo vibaya. Binamu yao wa Asia, *Croton tiglium*, alipata sifa duniani kwa mafuta yake ya kuharisha, na matone machache tu yalitosha. Kuwa kuku wanakula mbegu za mukinduri si sababu ya wewe kujaribu.

Ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali, usikate kitu bila kibali. Piga picha, okota kilichoanguka ikiwa umeruhusiwa, na uandike.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni krotoni kweli

Wengi hukwama hapa bila kujua. Wanalinganisha mutundu na mukinduri, kumbe mti ulio mbele yao si mmojawapo.

Kwanza, yale maua ya bustani yenye majani ya rangi nyingi, ya njano, nyekundu na kijani, yanayoitwa krotoni na kila muuza miche, si Croton. Ni *Codiaeum variegatum*. Familia ni moja, jenasi ni tofauti. Usiyatumie kujifunzia.

Sasa utazame mti wako na utafute alama hizi:

Tezi mbili. Shika jani pale kikonyo kinapokutana na bamba la jani. Upande wa chini, au pembeni kabisa mwa kiungo hicho, kuna vinundu viwili, kimoja kila upande. Kwa spishi nyingine vinaonekana kwa macho matupu, kwa nyingine ni lazima lenzi.

Jani la rangi ya chungwa. Angalia kama kuna jani moja moja lililogeuka rangi ya chungwa iliyokolea katikati ya majani ya kijani, au chini ya mti. Majani ya krotoni nyingi hufa hivyo, moja moja, bila kupitia kwanza ile njano iliyopauka ya miti mingine.

Utomvu usio maziwa. Vunja kikonyo. Hutaona maziwa meupe mazito kama ya mnyaa. Hutoka majimaji mepesi, maangavu au yenye rangi kidogo.

Tunda la vyumba vitatu. Likate kwa kukingama: vyumba vitatu, mbegu moja kila chumba.

Mbegu yenye sura ya kupe. Jina Croton limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupe, na ukiishika mbegu utaelewa kwa nini: mwili laini wa mviringo kama wa kupe aliyeshiba damu, na kwenye ncha moja kinundu cheupe kama kichwa.

Mti unaowapotosha watu zaidi katika hatua hii ni muringa, *Cordia africana*. Majani yake ni mapana, yana kitako cha moyo, na kwa mbali unaweza kuapa ni mutundu. Lakini jani la muringa linakwaruza, halina tezi mbili kwenye kiungo, na maua yake ni makubwa, meupe, kama karatasi iliyokunjwa. Ukikosa tezi, simama hapo hapo. Usiendelee na hatua ya pili kwa kujilazimisha.

*Umefaulu ikiwa:* umeona tezi mbili na angalau alama nyingine mbili katika hizo.

## Hatua ya 2: Rudi nyuma, utazame mti mzima

Kabla hujazama kwenye lenzi, nenda mbali kiasi cha kuuona mti wote.

Mukinduri (*C. megalocarpus*) uliokomaa hupanga matawi yake kwa ghorofa. Kichwa chake ni bapa, matawi yametanda kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka unaona mbingu. Huweza kuzidi mita 30. Gome lake ni la kijivu cheusi au kahawia, lenye nyufa ndefu za wima. Hupatikana nyanda za juu, hasa kati ya mita 1,200 na 2,400: Kiambu, Nyeri, Nanyuki, kaskazini mwa Tanzania. Na kwa kuwa watu wameupanda kwenye mipaka ya mashamba na kando ya barabara za Nairobi, kuuona mjini si ajabu.

Mutundu (*C. macrostachyus*) una kichwa cha mviringo, matawi yametawanyika bila mpangilio wa ghorofa, na gome la kijivu kilichopauka ambalo ukubwani hupata mipasuko midogo midogo. Hupenda mahali palipovurugwa: ukingo wa msitu, shamba lililoachwa, kando ya njia. Msitu ukikatwa, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kurudi.

*C. sylvaticus*, ambao nitauita krotoni ya msituni kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake, hukaa ndani ya msitu wenye unyevu, kwenye mabonde ya mito na misitu ya pwani na ya milima ya chini. Gome lake ni laini, la kijivu.

Vile viwili vya majani ya fedha ni vichaka au vijiti vya mita chache. *C. dichogamus* hufunga vichaka vizito kwenye nchi kavu ya bara, mahali pa mawe na miteremko. Ukitembea Hifadhi ya Nairobi au Nakuru umeshapita kando yake. *C. pseudopulchellus* ni wa pwani zaidi, na Arabuko-Sokoke ni mwenyeji haswa.

Andika unachokiona, ila usihukumu bado. Mukinduri uliopogolewa kila mwaka kwa ajili ya kuni hauna ghorofa yoyote, na mutundu uliobanwa na miti mingine hurefuka kama mlingoti. Umbo la mti ni fununu tu.

## Hatua ya 3: Chagua jani lililo sahihi

Jani la kuchunguza litoke kwenye tawi lililokomaa, lenye jua, ikiwezekana tawi lile lile lenye tunda au ua. Chukua matatu au manne, si moja.

Kuna machipukizi mawili ya kuepuka: yanayotoka kwenye kisiki kilichokatwa, na yanayotoka chini ya shina. Majani yake huwa makubwa kupita kiasi na manyoya yake hayajatulia.

Mimi mwenyewe lilinipata hilo Amani, Usambara Mashariki. Nilikuta kisiki kando ya njia chenye machipukizi yenye majani mapana kuliko kiganja changu, vidole na vyote. Nilikaa pale asubuhi nzima, nikapima, nikachora, nikashawishika kabisa kwamba nimepata kitu ambacho hakijawahi kuonekana mlimani. Mzee aliyekuwa akinisindikiza hakusema neno. Aliinama, akafukua majani makavu kwa fimbo, akaniokotea tunda kuukuu la mwaka uliopita, akaliweka juu ya daftari langu. Ilikuwa krotoni ya msituni, ya kawaida kabisa. Machipukizi yalikuwa yamenicheza shere.

*Umefaulu ikiwa:* majani yako matatu yanafanana kwa ukubwa na yametoka kwenye tawi gumu, si chipukizi teke.

## Hatua ya 4: Geuza jani

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na dakika tano tu porini, zitumie hapa.

Geuza jani na ulitazame kwanza kwa macho, kwenye kivuli. Jua kali hufanya kila kitu king'ae na kukudanganya. Linganisha juu na chini. Tofauti ya rangi ni kubwa au ndogo? Chini ni fedha, ni kijani kilichofifia, au ni kijivu chenye manyoya?

Sasa leta lenzi. Ishike karibu na jicho mpaka iguse nyusi, kisha usogeze jani kulifuata lenzi, si lenzi kulifuata jani. Wengi hufanya kinyume, wanaona ukungu, wanasema lenzi ni mbovu. Jani likifika kama sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye lenzi, picha hufunguka ghafla.

Utaona moja kati ya mambo mawili.

Nyota. Vinyweleo vilivyoota kutoka shina moja na kutawanya miale pande zote, kama fataki iliyoganda. Ukipitisha kidole, jani ni laini kama blanketi kuukuu, au linakwaruza kidogo. Chini ya jani la mutundu ndivyo kulivyo: nyota zimejazana, hasa kwenye mishipa, na mishipa yenyewe imetokeza kama mshono. Krotoni ya msituni nayo ina nyota, lakini jani likikomaa hubaki chache sana, na kwa mguso utadhani halina kitu.

Magamba. Hapa miale ya nyota imeungana ikawa sahani bapa, ndogo, yenye ukingo uliochanika chanika, imelala juu ya jani kama magamba ya samaki. Kwa macho huoni sahani, unaona fedha tu. Kwa kidole ni laini na kavu, haina manyoya. Mukinduri uko hapa: juu kijani kisichong'aa, chini fedha iliyopauka au inayoelekea kahawia. Vichaka vyetu viwili viko hapa pia, na vyenyewe huongeza kitu kingine: katikati ya bahari ya magamba meupe kuna vidoti vya rangi ya kutu vilivyotawanyika, kama mtu aliyenyunyiza unga wa kahawa.

Hapo umeshagawa kundi zima mara mbili:

- Nyota: mutundu au krotoni ya msituni. Nenda hatua ya 5, kisha 8.
- Magamba, na mti ni mkubwa: mukinduri, karibu hakika. Nenda hatua ya 6 ukathibitishe.
- Magamba yenye vidoti vya kutu, na ni kichaka: *C. dichogamus* au *C. pseudopulchellus*. Nenda hatua ya 9.

Kwa nini naiamini hatua hii kuliko zote? Ukubwa wa jani hubadilika kwa maji, kivuli na umri. Rangi ya juu hubadilika kwa vumbi la barabara. Lakini mukinduri uliopandwa kwenye udongo mbovu bado utaota magamba, na mutundu uliokua kivulini bado utaota nyota. Hayo hayabadilishwi na shamba.

Onyo: usilisugue jani kabla ya kulitazama. Magamba hubanduka. Nimeona jani la mukinduri lililokaa mfukoni kutwa nzima likibaki upara kijani, na mwenye nalo akaapa kwamba si mukinduri.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kumwelezea mtu mwingine umbo la kinyweleo kimoja, si "lina manyoya" tu.

## Hatua ya 5: Kikonyo, tezi, ukingo

Rudi kwenye zile tezi mbili. Safari hii usiulize kama zipo, uliza ziko vipi.

Kwa mutundu, tezi zina vishina vifupi. Zimesimama kama vichwa viwili vya pini pale jani linapoanzia. Kwa krotoni ya msituni ni vinundu vilivyotuna vinavyoonekana hata bila lenzi. Kwa mukinduri ni ndogo, na mara nyingi utazitafuta.

Kisha ukingo. Jani la mutundu lina meno madogo yasiyolingana, na kitako chake huingia ndani kama moyo. Huweza kufika sentimita 15 kwa urefu na 10 kwa upana, juu ya kikonyo kirefu, na majani hukusanyika kwenye ncha za matawi. Jani la mukinduri ni la yai lililorefuka, lenye ncha, kwa kawaida halizidi sana sentimita 12, na ukingo wake ni mnyoofu au una mawimbi hafifu tu. Jani la krotoni ya msituni huning'inia, lina meno yasiyo sawa, na kwa umbo liko katikati ya hawa wawili. Ndiyo maana nilisema umbo hudanganya.

## Hatua ya 6: Tafuta tunda

Tazama juu, kisha tazama chini. Tunda la msimu uliopita mara nyingi bado liko kwenye majani makavu. Fukua kwa kijiti, si kwa mkono. Nyoka nao wanapenda majani makavu.

Majina ya kisayansi yatakusaidia kukumbuka. *Megalocarpus* ni "tunda kubwa", na *macrostachyus* ni "shuke refu".

Mukinduri: tunda ni gumu kama njugu ya mti, la kijivu, la mviringo au la yai, kati ya sentimita mbili na nusu na nne. Huanguka zima. Ukilipasua, na utahitaji jiwe, utakuta mbegu tatu za karibu sentimita mbili, zenye mikunjo. Hakuna krotoni nyingine katika orodha yetu yenye tunda linalokaribia hilo. Ukiliokota chini ya mti wenye magamba ya fedha kwenye majani, kazi imekwisha.

Mutundu: tunda ni la ukubwa wa njegere, la kijani kinachoelekea kijivu, limejipanga kwenye mshipi mrefu unaoning'inia, hadi sentimita 30. Likiiva halidondoki, linapasuka juu ya mti. Simama chini yake mchana wa jua wakati wa matunda: *ta! ta!* na vipande vinanyesha kichwani. Mbegu ni ndogo, za kijivu zinazong'aa, kila moja na kofia laini ya rangi ya malai kwenye ncha.

Krotoni ya msituni: nalo ni dogo, kama sentimita moja, la vyumba vitatu, lakini likiiva hugeuka rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu ya marijani. Unaliona kutoka mbali kwenye kiza cha msitu.

Kwa vichaka viwili, tunda ni dogo na nalo limefunikwa magamba. Lichukue hata hivyo, utalihitaji.

Onyo: tunda ulilookota chini si lazima liwe la mti uliosimama chini yake. Mteremko, maji na ndege hulihamisha. Linganisha na lililo juu, au tafuta matatu na zaidi ya aina moja.

## Hatua ya 7: Maua, kama una bahati

Maua ya mukinduri huchanua baada ya mvua kubwa na hudumu siku chache tu. Ukiyakosa wiki hii, usijilaumu. Ni ya njano iliyopauka, kwenye mashuke yanayoning'inia.

Maua ya mutundu ni meupe yanayoelekea malai, yana harufu tamu, na mashuke yake husimama wima kabla uzito wa matunda haujayainamisha. Nyuki watakuonyesha mti kabla hujauona.

Kwa krotoni kwa jumla, shuke moja huwa na maua dume juu na maua jike machache chini. Ukiona shuke lenye dume tu, huenda jike zimeshageuka matunda, au zimeanguka. Kagua mashuke kadhaa.

## Hatua ya 8: Mutundu na krotoni ya msituni

Hii ndiyo jozi inayowaangusha hata waliozoea, hasa Usambara na kwingineko ambako miti yote miwili ipo. Zote zina nyota, zote zina meno ukingoni, zote zina tezi za kuonekana, zote zinageuka chungwa. Jiulize maswali haya kwa mpangilio:

1. Matunda yaliyoiva yana rangi gani? Chungwa au nyekundu ni krotoni ya msituni. Kijani-kijivu yanayopasuka kwa kishindo ni mutundu. Swali hili likijibika, achana na mengine.
2. Hakuna tunda? Paka kidole chini ya jani *lililokomaa*. Laini kama kitambaa, na lenzi inaonyesha nyota zimejaa: mutundu. Tupu, nyota chache: krotoni ya msituni. Usitumie jani changa, kwa sababu yote mawili huanza na manyoya.
3. Unasimama wapi? Shamba lililoachwa na ukingo wenye jua huelekeza kwa mutundu. Ndani ya msitu mbichi huelekeza kwingine. Swali hili liwe la tatu, lisiwe la kwanza.

Maswali mawili ya kwanza yakipingana, chukua sampuli na usiandike jina.

## Hatua ya 9: Vichaka viwili vya fedha

Hapa nitakuwa mkali kidogo: usimalize jambo hili porini. Anza na mahali. Kichaka cha bara kavu, penye mawe, kwenye mwinuko, huelekea kuwa *C. dichogamus*. Kichaka cha msitu mkavu wa pwani, chenye majani yaliyojikusanya vifundo vifundo kwenye ncha za matawi kama maua ya waridi yaliyobapa, huelekea kuwa *C. pseudopulchellus*.

"Huelekea" ndilo neno la kuandika daftarini. Chukua tawi lenye tunda na lenye ua, ufuate hatua ya mwisho.

## Hatua ya 10: Kausha, andika, peleka

Kata tawi la sentimita 30 hivi lenye majani, na tunda au ua. Litandaze kati ya magazeti. Geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane. Likishakauka haligeuki tena bila kuvunjika, na anayelichunguza atataka kuona hapo hapo.

Funga kwa kadibodi na kamba. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Usipobadilisha, majani huwa meusi na kudondoka kwenye vikonyo.

Kwenye karatasi andika kwa penseli vitu ambavyo tawi kavu haliwezi kusema: tarehe, mahali, mwinuko, urefu wa mti, sura ya gome, rangi ya tunda bichi na lililoiva, harufu, na aina ya mahali ulipoukuta.

Andika pia jina la wenyeji, na *lugha* yake. Mukinduri wa Kikuyu na Kimeru ni muthulu kwa Wakamba na musine kwa Waluhya. Mutundu ni musutsu kwa Waluhya na tebesuet kwa Wakalenjin. Jina lisilo na lugha humpeleka msomaji pabaya. Na usimwulize mwenyeji "huu ni mutundu?" kwa sababu adabu itamfanya aitikie. Muulize "huu mnauitaje?"

Chukua sampuli tatu za mti mmoja ikiwa unaruhusiwa: moja ya hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa), moja yako, moja ya akiba. Kenya, hebaria ya kupeleka iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Tanzania kuna hebaria ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Piga simu kwanza.

Ukikosa tunda na ua kabisa, funga utepe kwenye mti, andika mahali ulipo, na urudi mvua zikipita. Tunda la mukinduri huchukua miezi mitano hadi sita kukomaa tangu ua lianguke, kwa hiyo hesabu kuanzia siku ile nyuki walipokuwa wengi.